Mama Kitana, Aliyekagua Vichwa vya Manga

Wasikilizaji wapendwa, mliomaliza kuchuma chai na mlio bado shambani na redio mfukoni, karibuni tuketi. Leo tunamkumbuka Mama Tryphosa Nyanchera. Alifariki wiki iliyopita nyumbani kwake Manga, katika kaunti yetu ya Nyamira. Atazikwa Alhamisi. Nasema tena kwa walio mbali: Mama Tryphosa Nyanchera wa Manga, mwalimu wa kwaya ya watoto, mke wa Mzee Nyamongo. Ukilitaja jina hilo njiani huenda watu wakakutazama tu. Taja Mama Kitana, na mtu wa bodaboda atakufikisha mpaka mlangoni.

Kitana ni kile kile cha kuchania nywele. Alipewa jina hilo kwa sababu ya chawa. Ndiyo, chawa. Usizime redio. Na kama umeanza kujikuna hapo ulipo, hauko peke yako, maana hata fundi wetu wa mitambo hapa studioni ameshaanza.

Familia imeniruhusu kusimulia. Tena Mzee Nyamongo hakuniruhusu tu, aliniamuru. Aliniambia, "Ukiwaambia watu mke wangu alikuwa malaika, redio yako sifungui tena. Waeleze ile ya chawa." Basi kwa heshima ya mzee, nawaeleza ile ya chawa.

Tryphosa alizaliwa upande wa Ikonge, kwa watu wa chai. Alipokuwa msichana alichuma chai huku akiimba, na mama yake hakuhitaji kumtafuta kwenye mistari ya majani. Alisikiliza tu. Siku moja kijana kutoka Manga akapita barabarani.

"Nilikwenda Ikonge kuangalia ng'ombe," Mzee Nyamongo anasema. "Nikasikia mtu anaimba ndani ya chai. Nikasimama. Yule ng'ombe alinunuliwa na mtu mwingine."

Ndivyo Tryphosa alivyofika Manga, kule juu kwenye mteremko ambako ukiangusha ndizi inafika kwa jirani kabla yako. Alilima, akazaa, akalea. Na kanisani kwao, Kanisa la Waadventista, akapewa kwaya ya watoto. Hakuirudisha tena.

Alikuwa mkali, wasikilizaji. Mtoto akichelewa mazoezi, alimwimbisha peke yake mbele ya wenzake. Mzazi akija kulalamika, naye aliimbishwa. Na alikuwa na njia yake ya kufundisha, ambayo sijaisikia kwingine kokote. Watoto wa sauti ya pili wakipotea, aliwakusanya, akawabananisha sikio kwa sikio, paji la uso kwa paji la uso, mpaka kila mmoja amsikie mwenzake ndani ya fuvu. Kisha yeye mwenyewe anainama, anaingiza kichwa chake katikati yao.

"Vichwa pamoja!" aliamuru. Na wakatoa sauti kama mtu mmoja.

Kwaya nyingine zilikuwa na kinanda. Ya Manga ilikuwa na vichwa pamoja. Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Vichwa pamoja.

Basi, miaka michache iliyopita akaja Manga mama mmoja anayeitwa Emily, mfanyabiashara wa ndizi, kutoka Kisii mjini. Alirudi kuishi karibu na wazazi wake. Alikuja na binti yake Gesare, mtoto wa gredi ya nne. Gesare alikuwa amesukwa nywele ndefu, kwa kuwa shule yake ya mjini iliruhusu, na mwalimu mkuu wa Manga akamruhusu akae nazo mpaka muhula uishe. Tryphosa hakuona nywele. Alisikia sauti. Gesare aliimba mstari mmoja tu siku ya kwanza, na yule mama mkali akakaa chini kwenye benchi, akamwambia, "Rudia, mtoto wangu. Rudia polepole nisikie vizuri."

Wiki hiyo hiyo Gesare akapewa ubeti wa peke yake katika wimbo wa makambi. Makambi, kwa wasiojua, ni lile juma ambalo makanisa ya Waadventista hukusanyika chini ya mahema kusali na kuimba. Kwaya husikilizana kwa upendo wa Kikristo na wivu mwingi.

Halafu watoto wakaanza kujikuna.

Walianza darasani. Wakaendelea kanisani. Mchungaji anasema tufumbe macho, watoto wanafumba, lakini mikono yote iko kichwani. Wazazi wakashtuka. Watoto wa shule yetu wananyolewa fupi, sasa chawa wanakaa wapi? Wanakaa pale pale, wasikilizaji. Chawa hahitaji msitu. Kichaka kidogo nyuma ya sikio kinamtosha.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Makori. Na hapa lazima niwaeleze jambo, maana bila hilo hamtaelewa yatakayofuata. Mwalimu Makori ni mume wa Gladys, na Gladys ni binti wa Mama Tryphosa. Yaani mwalimu mkuu ni mkwe wake. Na sisi Wakisii, kati ya mtu na mama mkwe wake, tuna heshima inayoitwa chinsoni. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Hawapishani mlangoni wakagusana. Kumgusa kichwa ndiyo usiniambie kabisa. Si chuki. Hawa wawili walipendana sana, ila walipendana kwa mbali. Wakiwa na neno la shule walikutana uwanjani, mama akasimama kwenye goli hili na mkwe kwenye goli lile, wakaongea kwa adabu na kwa sauti kubwa. Siri za shule ile zilijulikana na kijiji kizima.

Kutoka goli lake, Mwalimu Makori akasema, "Mama, tunaomba utusaidie kukagua watoto. Wewe wanakuogopa."

Kutoka goli lake, mama akajibu, "Wataogopa zaidi!"

Siku iliyofuata akafika na mkebe wa mafuta taa. Ndiyo dawa aliyoijua tangu utoto wake. Watoto wakapangwa mstari. Mtu akampigia simu Gladys, ambaye ni muuguzi katika zahanati, na Gladys akaja na bodaboda bado amevaa glavu.

"Mama, weka chini hiyo kitu!" alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama. "Mtoto akisogea karibu na jiko na hayo mafuta, tutazika!"

"Mbona wewe nilikupaka na hukufa?"

"Ni Mungu tu alikuwa macho, Mama. Baba alikuwa anavuta sigara."

Wasikilizaji wapendwa, hapa sicheki. Usimpake mtoto mafuta taa kichwani. Usimpake dawa ya kupe wa ng'ombe. Usimpake dawa ya kunyunyizia nyanya. Nasema tena: mafuta taa, hapana. Dawa ya ng'ombe, hapana. Dawa ya nyanya, hapana. Kuna watoto wameungua, na wengine wamevuta sumu, kwa sababu ya mdudu ambaye hata haumizi sana, anawasha tu.

Gladys akamkalisha mama yake kwenye kiti cha walimu, akamfundisha mbele ya watoto. Chawa hana mabawa. Haruki kama kiroboto. Anatembea tu, kutoka kichwa hadi kichwa, vichwa vikigusana. Mara nyingine hupanda kitambaa au kofia ambayo watoto wanabadilishana. Wala hachagui mchafu au msafi, tajiri au maskini. Anachotaka ni damu na joto. Mlowanishe mtoto nywele, mpake mafuta ya kulainisha, chukua kitana chenye meno yaliyobanana, chana kutoka shina hadi ncha, upanguse kwenye kitambaa cheupe uone umepata nini. Rudia baada ya siku chache, maana mayai yanabaki yanaangua. Ukinunua dawa ya dukani, fuata maelezo yake, usizidishe. Na watoto wasigusanishe vichwa.

Mama Tryphosa alisikiliza. Alisikia vizuri sana habari ya kitana. Ile ya vichwa kugusana iliingia sikio la kulia ikatokea la kushoto, kwa sababu mtu hawezi kusikia ubaya wa kitu anachojivunia.

Alinunua vitana vya chuma. Alivikagua meno kwa macho, akavisugua kwa maji ya moto, akavifunga mkononi kwa kamba. Kuanzia siku hiyo hakuna kichwa kilichokuwa salama Manga. Alikagua watoto chini ya jua. Alikagua mtu wa bodaboda akiwa amesimama kumpa chenji. Mgeni aliyekuja kuuliza njia alionyeshwa njia baada ya kukaguliwa.

"Mimi nilikuwa nakula chakula na tochi juu ya kichwa," Mzee Nyamongo anakumbuka. "Nikimwambia, Tryphosa, nina nywele chache na unazijua zote, ananiambia, kula ugali wako, usitingishike."

Na kazi ilifanyika, wasikilizaji. Kila Ijumaa watoto walikuwa safi. Lakini kila Jumatatu chawa wamerudi. Sikilizeni tena: Ijumaa safi, Jumatatu wamerudi. Wewe uliye nyumbani hapo umeshajua katikati ya Ijumaa na Jumatatu kuna nini. Kuna Sabato. Kuna mazoezi ya kwaya. Na kwaya ndiyo ile ya vichwa pamoja.

Yeye hakuona. Alitafuta mkosaji.

"Manga hapajawahi kuwa na chawa," alitangaza. Mumewe, aliyelelewa na chawa wa Manga, alitaka kusema kitu akaacha. "Hawa wametoka mjini. Na ni nani ametoka mjini?"

Asubuhi moja alishuka mpaka sokoni, kwa Emily, akamkuta anapanga ndizi.

"Emily, mama," alianza kwa upole, "nimekuja kwa wema. Nywele za mtoto zikatwe, au apumzike kwaya kwanza."

Emily aliweka chini mkungu wa ndizi. "Umemkagua ukapata kitu?"

"Zimesukwa, nitaona nini?"

"Mimi humfumua, namchana kwa mkono wangu, kisha nasuka upya. Mtoto wangu hana hata yai moja."

"Mimi sijasema anao. Nasema wametoka mjini."

"Basi useme ni mimi nimewaleta kwenye gunia, pamoja na ndizi!"

Sauti zilipanda. Wanunuzi walisogea, si kununua. Na Gesare alikuwa nyuma ya mikungu akifunga mifuko. Alisikia kila neno. Emily aliniambia kwamba mtoto hakulia. Alimaliza kufunga mifuko, akauliza kama wanaweza kwenda nyumbani.

Shuleni watoto wakambandika jina, Chawa wa Taun, yaani wa mjini. Wakaacha kukaa naye. Na Gesare akatolewa kwaya, akanyamaza. Hakuimba shuleni, hakuimba akiosha vyombo, hakuimba hata akiwa bafuni, mahali ambapo wewe na mimi tunajiona waimbaji. Emily akaanza kuuliza habari za nyumba ya kupanga mjini. "Nilijiambia, makambi yakipita, tunahama," alisema. "Mtoto aliyekuwa na sauti vile, nyumba ikawa kimya. Niliogopa."

Tryphosa naye hakuwa na raha. Ubeti wa Gesare aliwajaribishia watoto wengine, na kila mmoja alipoimba, mama alifumba macho kama aliyemeza dawa chungu. Tena chawa hawakuondoka. Gesare ametolewa, lakini Jumatatu wako pale pale. Na chini ya kilemba chake mwenyewe, kichwa kikaanza kumwasha. Alisema ni joto. Akabadilisha kitambaa. Alisema ni sabuni. Akabadilisha sabuni. Alilaumu chumvi, alilaumu hali ya hewa, na jioni moja alimlaumu jogoo aliyepita karibu naye.

Ijumaa moja, makambi yakikaribia, Mwalimu Makori akaita mkutano wa wazazi wote darasani. Mama Tryphosa alikuwa amesimama mlangoni na kitana. Amri ilikuwa moja: hakuna anayeingia bila kukaguliwa, mkubwa kwa mdogo. Akina mama walivua vilemba wakinung'unika. Akina baba waliinama. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Anyona, ana kipara kilichokamilika, hakuna unywele hata wa sampuli. Naye alikaguliwa.

"Mama, hapa unatafuta nini?" aliuliza.

"Haki," akajibu. "Haki ni kwa wote. Inama."

Mkwe wake alichanwa na mwalimu mwingine, huko nyuma ya tangi la maji, ili heshima isivunjike.

Kila mtu alipoketi, mama akaanza hotuba. Alisema usafi. Alisema umakini. Alisema kuna watu wanaleta mambo kutoka mjini. Ndipo Emily, aliyekaa benchi la mwisho, akasimama.

"Mama Tryphosa, umetukagua sisi wote. Tumekushukuru. Na kichwa chako, ni nani amekikagua?"

 Mtu aliyekuwa akitafuna muwa akaacha.

"Haki ni kwa wote," Mzee Anyona akasema taratibu, akipapasa kipara chake. "Inama."

Kitana cha pili kilikuwa mezani, mbele ya Mwalimu Makori. Watu wote wakamgeukia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Maskini mwalimu. Amguse mama mkwe kichwa, hadharani? Aliruka nyuma kama aliyekanyaga moto. Alitaka kutoka, lakini mama alikuwa mlangoni, na kupishana naye pale kungekuwa kumgusa. Basi mwalimu mkuu, akiwa na tai na suruali ya pasi, akapanda dawati, akatoka kwa dirisha. Wanafunzi waliokuwa nje wakichungulia walimpokea kwa makofi. Ninaambiwa mpaka leo hiyo ndiyo siku waliyompenda.

Akina mama wakaangaliana. Hakuna aliyetaka. Nusu yao walikuwa wameimbishwa na mama huyu walipokuwa watoto, na woga ule haukuwa umeisha. Kitana kikabaki mezani.

Ndipo sauti ndogo ikatoka dirishani, pale alipotokea mwalimu. "Mimi ninaweza."

Alikuwa Gesare.

"Gesare, hapana," Emily akasema. "Njoo hapa."

Lakini mtoto alikuwa ameshaingia. Alichukua kitana. Mama Tryphosa alimtazama, kisha akaketi kwenye kiti, akafungua kilemba chake mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya. Nywele zake zilikuwa nyeupe na laini. Watu waliangalia chini kwa aibu ya kuziona.

Gesare alichana vizuri, kama alivyochanwa na mama yake. Kutoka shina hadi ncha. Alipangusa kwenye kitambaa cheupe. Akachana tena nyuma ya sikio. Halafu mkono ukasimama. Akainama, akanong'ona.

"Magokoro, wako."

Magokoro ni nyanya, mama wa mzazi wako, kwa lugha yetu. Na yule mtoto alinong'ona ili mtu mwingine asisikie.

Wasikilizaji wapendwa, Mama Tryphosa mwenyewe alimsimulia Gladys kilichopita moyoni mwake dakika ile. Alijua hakuna aliyesikia. Angeweza kusema, safi. Angeweza kufunga kilemba, akaendelea na hotuba, akajichana usiku chumbani, mambo yakaisha. Mtoto asingesema. Ilikuwa wazi kwamba mtoto asingesema. Na hilo ndilo lililomuuma kuliko kitu kingine chochote: huyu aliyemtangaza sokoni mbele ya watu alikuwa anamfichia yeye.

Akachukua kitambaa mikononi mwa Gesare. Akasimama, kichwa wazi.

"Wapo," alisema. "Watatu, na mmoja ni mkubwa kama mchele. Wako kwangu."

Hakuna aliyecheka.

"Na huyu mtoto sijamsogelea tangu siku ile sokoni. Kwa hivyo sikupata kwake. Nimepata wapi?" Aliwatazama watoto wa kwaya waliojaa dirishani. Watu walimwona akifikiri. Kisha akashika mdomo. "Yesu wangu. Vichwa pamoja! Ni mimi. Gladys aliniambia na nikakataa kusikia. Nyinyi mnawasafisha nyumbani, mimi nawagawia upya kila Sabato, na wimbo juu yake!"

Hapo ndipo Mzee Nyamongo, aliyekuwa amekuja na mkewe, alipocheka, na darasa zima likamfuata. Alicheka mpaka akashikilia dawati. Lakini mkewe hakuwa amemaliza. Alimgeukia Gesare, na ninaambiwa sauti yake haikuwa ya mwalimu tena.

"Gesare, nilikusingizia. Nilikusingizia mbele ya watu, na ninakuomba msamaha mbele ya watu. Emily, mama, hata wewe. Watoto wote mnaochungulia hapo, mkimwita jina lile tena mtaniita mimi kwanza, kwa maana mimi ndiye niliye nao."

Emily aliguna, akasema, "Sawa." Sawa ya mtu ambaye bado. Gesare alirudisha kitana mezani.

"Utarudi kuimba?" mama akamwuliza.

"Sijui," mtoto akasema. Na alikuwa na haki ya kutojua.

Mambo yalibadilika kuanzia jioni ile. Watoto wote wa kwaya walichanwa siku moja, na watu wote wa nyumba zao, na Mama Tryphosa mwenyewe alichanwa na binti yake Gladys, kila baada ya siku chache, mpaka kitambaa kikabaki cheupe. Mashuka na vitambaa vya kichwa vikafuliwa kwa maji ya moto, vikaanikwa juani. Kila mtoto akapewa kitambaa chake chenye jina lake na kitana chake cha nyumbani. Na kwaya ikapangwa upya: mtoto na mwenzake, urefu wa mkono ulionyooshwa.

Siku ya makambi ikafika. Kwaya ya Manga ikasimama mbele, kila mmoja mbali na mwenzake. Walionekana kama watu waliogombana njiani. Watu wa kwaya nyingine waliulizana ni mtindo gani huo mpya, na nasikia mwaka uliofuata kwaya kadhaa zilisimama hivyo hivyo, zikidhani ndiyo siri ya sauti.

Gesare hakuwa mbele. Alikuwa amekaa na mama yake katikati ya wanawake, kimya.

Wimbo ukaanza. Ukaenda vizuri. Ukafika ubeti wa peke yake, na watoto wakanyamaza. Hakuna aliyeimba. Mama Tryphosa hakuwa amempa mtu mwingine ubeti ule. Alisimama mbele na mkono juu, akingoja, hata hajui anangoja nini.  Mchungaji akakohoa. Mzee Nyamongo, akidhani wimbo umekwisha, akasema kwa sauti kubwa, "Amina!"

Mtu mmoja akacheka. Ilikuwa sauti ya msichana, katikati ya wanawake. Emily akageuka akamwona binti yake amefunika mdomo na mabega yanatikisika, mara ya kwanza tangu siku ile sokoni. Na akiwa bado na kicheko, Gesare akasimama pale pale alipokuwa, akaimba. Aliimba ubeti wote. Mama Tryphosa hakumwita mbele. Aligeuka tu akaipa kwaya kisogo, akamwongoza kutoka mbali, na machozi yanamtiririka bila kuyapangusa.

Emily hakuhama. Bado anauza ndizi soko lile lile.

Wasikilizaji wapendwa, Gesare sasa yuko sekondari. Juzi nilimkuta pale nyumbani kwa marehemu, akisaidia kupokea wageni. Nilimwuliza atamkumbuka mama huyu kwa lipi. Nilidhani atasema nyimbo.  "Mimi nimekosewa na watu wazima wengi," alisema. "Walimu, majirani, hata Mama wakati mwingine. Yeye peke yake ndiye aliniambia, nilikukosea. Wengine hunipa soda."

Mwalimu Makori hakuweza kuongea sana. Alisema tu kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kumshika mama mkwe wake mkono, na kwamba hakuna mtu aliyemshika yeye kwa karibu kuliko mama huyo. Kisha akaomba nisimalizie kwa ile ya dirisha. Nisamehe, Mwalimu, nimekwisha kuieleza.

Kwa Mzee Nyamongo, poleni sana, mzee wetu. Kwa Gladys na Mwalimu Makori, kwa watoto na wajukuu, kwa Emily na Gesare, kwa kwaya ya watoto ya Manga na waumini wote wa kanisa lile, poleni. Mungu amlaze Mama Tryphosa Nyanchera mahali pema. Nasema mara ya mwisho: maziko ni Alhamisi, nyumbani kwake Manga. Wanakwaya wanaombwa kufika mapema, na wasimame mbali mbali.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, jioni hii mwite mtoto wako. Mkalishe penye mwanga, umlowanishe nywele, umkague taratibu, bila kelele na bila kumwaibisha, hata ukipata. Hasa ukipata. Na ukimaliza, mpe yeye kitana. Inama, umwache akukague wewe.